Boksi la soksi limefika Mwese, mazoezi ya Norway bado

Nimekuwa kimya kwa wiki tatu hivi na wapo walioniuliza kama nimenunuliwa na wanasiasa. Hapana jamani, sijapata hata wa kuniuliza bei. Nilikuwa likizo nyumbani, Katavi, na kwa siku sita kati ya hizo nilikuwa Mwese kwa mjomba wangu, mahali ambapo mtandao unapatikana kwa kupanda kichuguu na kunyoosha mkono.

Leo naandika historia, lakini naomba nianzie kwenye goti.

Goti ni la binamu yangu, mtoto wa kwanza wa mjomba, ambaye mimi namwita kaka kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo alivyo. Enzi zetu za sekondari kaka alikuwa namba saba, winga teleza kabisa. Alifika UMISSETA ngazi ya mkoa, na kuna mwalimu aliyemwambia mjomba kwamba huyu kijana asilimishwe sana kahawa, ana kazi nyingine duniani. Halafu siku moja kwenye mechi ya kawaida tu, hakuna aliyemgusa, akageuka kumkwepa beki. Mguu wa kulia ukabaki umenasa kwenye shimo dogo la nyasi, mwili ukaenda. Anasema alisikia mlio kama kijiti kikavu kinavunjwa. Jioni goti lilikuwa kama tikiti.

Kilichofuata mnakijua, maana kila ukoo una hadithi kama hii. Akakandwa kwa maji ya moto usiku uleule. Kesho yake akaitwa mzee anayeunga mifupa, akachua mpaka kaka akalia. Wiki ya nne akarudi uwanjani kwa sababu kulikuwa na fainali, na dakika ya kumi goti likatoka tena. Hakucheza tena. Sasa hivi ana miaka thelathini na kidogo, akishuka mlima na gunia begani lazima ashuke kiupandeupande kama kaa. Rafiki yangu mmoja wa fiziotherapia hapa Dar nilimwonyesha video ya jinsi goti linavyocheza. Akasema inaelekea ni ile kano iliyokaa kama msalaba katikati ya goti, ila akakataa kuapa bila kipimo. Upasuaji wa hiyo kano unafanyika hapa MOI Muhimbili. Kutoka Mwese ni zaidi ya kilomita elfu moja, na hapo hujataja pesa.

Kwa wasioijua Mwese: ni kata katika Wilaya ya Tanganyika, ndani ya mkoa wetu ambao ulizaliwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Rukwa. Zamani yote tulikuwa tunaita Mpanda. Ni milimani, upande wa kuelekea ziwani, kuna baridi ya kuvaa sweta mchana. Wenyeji wa asili ni Watongwe na Wabende, lakini Mwese ya leo imechanganyika, na chanzo cha mchanganyiko ni miaka ya 1960. Serikali ya Mwalimu iliwapokea pale wakimbizi wa Kinyarwanda waliokuwa wamekimbilia kwanza Kivu, Kongo, na mambo yakawashinda kule. Shirika la TCRS la Walutheri, lililoanzishwa mwaka 1964 kwa ajili ya kazi hiyohiyo, likashirikiana na serikali na UNHCR kufungua makazi: barabara, shule, zahanati, mashamba. Mwaka 1980 Tanzania ikatangaza kuwapa uraia wakimbizi wa Rwanda kwa maelfu. Baada ya 1994 wapo waliorudi Rwanda na wapo waliobaki. Kaeni na hilo, nitalirudia, maana Rwanda inaingia tena kwenye habari hii kwa mlango mwingine.

Sasa, Jumamosi moja nikaenda na kaka uwanjani. Yeye ndiye kocha wa timu ya kitongoji chao kwenye ligi ya ng'ombe (bingwa anachukua ng'ombe, wa pili mbuzi, wa tatu anapewa pole). Timu pinzani ilifika na fuso dakika tano kabla ya mechi, vijana wakiwa wamesimama nyuma saa nzima na ushee. Wakashuka, wakavaa jezi, wawili wakapiga danadana, mmoja akanyoosha paja sekunde tatu kwa ajili ya kupigwa picha. Basi.

Halafu refa akafanya jambo ambalo nimeliona maisha yangu yote ila siku hiyo ndiyo nililitazama. Akapanga mstari, akapita anagonga ugoko wa kila mchezaji kwa ncha ya kidole. Ko, ko, ko. Kijana mmoja hakutoa mlio. Refa akamtoa nje. Kijana akakimbia kwa mama muuza mihogo, akapewa kipande cha boksi la sabuni, akakikunja mara mbili, akakichomeka ndani ya soksi, akarudi. Ko. Akaruhusiwa.

Boksi lile ndilo lililonifanya nirudi Dar nikasome usiku.

Vilinda ugoko ni vya zamani, lakini vilikuwa hiari mpaka FIFA ilipoviingiza kwenye sheria mwaka 1990. Hebu fikiria safari ya hiyo sentensi moja kutoka Uswisi. Imepita kwenye shirikisho letu, ikapita mkoani, wilayani, ikapanda mlima, ikafika kwa refa wa ligi ya ng'ombe ambaye analipwa soda, na imefika ikiwa hai kiasi kwamba kijana anaona ni bora avae boksi la sabuni kuliko kubishana. Linakinga nini boksi? Kidogo sana. Lakini sheria imefika.

Na kuna kitu kingine ambacho kingeweza kulisaidia goti la kaka, kina ushahidi mwingi, hakina gharama, na hakijafika. Nacho kina historia yake.

Mwaka 1983 daktari wa Sweden, Jan Ekstrand, na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio kwenye timu 12 za wachezaji wa ridhaa, jumla wachezaji 180. Timu sita zilipewa mpango: kupasha misuli kwa utaratibu, kunyoosha viungo, viatu sahihi na vilinda ugoko, kufungwa enka kwa plasta kwa wenye historia ya kuteguka, na aliyeumia asirudi mpaka apone. Timu sita zikaachwa ziendelee na maisha yao. Zilizopewa mpango zilipata majeraha pungufu kwa asilimia 75. Sabini na tano! Ila soma maandishi madogo: kila kitu kilisimamiwa na daktari na mtaalamu wa fiziotherapia. Timu ya ridhaa gani duniani ina daktari wake?

Mwaka 1992 Mholanzi Willem van Mechelen na wenzake wakaweka hatua nne ambazo watafiti bado wanazitaja: jua ukubwa wa tatizo, jua chanzo chake, weka kinga, kisha pima tena uone kama tatizo limepungua. Ni akili ya kawaida ya fundi gereji. Mwaka 1994 FIFA ikaanzisha kituo chake cha utafiti wa tiba chini ya Jiri Dvorak, na mwaka 2003 kikatoka na mazoezi kumi yasiyohitaji vifaa, la kumi na moja likiwa mchezo wa kiungwana. Wakayaita "The 11".

Hapa ndipo historia inaponoga, kwa sababu yalishindwa. Kule Norway waliyajaribu kwa wasichana zaidi ya 2,000, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yakaonyesha hakuna tofauti kati ya walioyafanya na wasioyafanya. Sababu mojawapo ni kwamba timu nyingi ziliacha njiani. Yalikuwa yaleyale kila siku, yanachosha.

Nawapa heshima Wanorway, maana hawakuficha. Wakakaa chini, wakaongeza mbio, wakaongeza ya kufanya wawiliwawili, wakaweka ngazi tatu za ugumu ili mtu asichoke. Likazaliwa toleo jipya, FIFA 11+: sehemu tatu, mazoezi 15, kama dakika ishirini, angalau mara mbili kwa wiki badala ya kule kuzunguka uwanja bila mpango. Wakalipeleka kwenye klabu 125 zenye wasichana 1,892 wa miaka 13 hadi 17. Majeraha kwa ujumla yakapungua kwa karibu theluthi, makubwa kwa karibu nusu. Na timu zilizofanya mara nyingi zaidi ndizo zilizonufaika zaidi.

Najua kuna mdau atasema hayo ni mambo ya wazungu kwenye nyasi kama zulia. Haya, twende Lagos. Oluwatoyosi Owoeye na wenzake waliyajaribu kwenye timu 20 za ligi ya vijana ya Lagos, wachezaji 416. Matokeo ya mwaka 2014: majeraha pungufu kwa asilimia 41. Na sasa ule mlango wa pili: Rwanda. Mwaka 2021 Assuman Nuhu na wenzake walichapisha jaribio walilofanya kwenye klabu 12 za daraja la pili Rwanda, wachezaji zaidi ya 600, si matajiri. Waliotumia mazoezi hayo waliumia kidogo kuliko wenzao. Pale Mwese kuna wazee waliozaliwa Rwanda na wajukuu wanaopigiwa simu na ndugu wa Kigali kila Jumapili. Harusi inapitia njia hiyo, misiba inapitia njia hiyo, hata nyimbo. Utafiti wa magoti haujapitia.

Kwa nini?

Jibu la haraka ni umaskini, na mimi nilikuwa nalo mdomoni kabla ya kusoma. Halafu nikakutana na Champions League. Kuna zoezi moja la nyama za nyuma ya paja: unapiga magoti, mwenzako anakushika vifundo, unajishusha mbele taratibu kama mti unaoangushwa. Mwaka 2011 Wadenmark walilipima kwenye timu 50: waliolifanya walipata majeraha ya nyama hizo 15, wasiolifanya 52. Ushahidi wa namna hiyo ni nadra kwenye michezo. Mwaka 2015 watafiti wakaenda kuuliza klabu 50 za Champions League na ligi kuu ya Norway. Klabu zilizokuwa zinalifanya kikamilifu zilikuwa takriban asilimia 11. Hawa wana madaktari, wana mabwawa ya barafu, wana mtu wa kukunja taulo. Kwa hiyo umaskini si jibu lote.

Mtafiti wa Australia, Caroline Finch, alikuwa ameshaliona hilo mwaka 2006. Akasema zile hatua nne za mwaka 1992 zinaishia mahali pabaya, zinaishia kwenye karatasi. Akaongeza mbili: jua mazingira halisi ya watakaotumia, kisha pima kama inafanya kazi hukohuko kwao, mikononi mwao. Kinga ambayo kocha haifanyi haimkingi mtu, hata iwe imechapishwa wapi.

Sasa nani alifanikiwa kuifikisha mpaka mikononi? Nilipata mifano miwili na yote inanukia pesa. Uswisi, kati ya 2004 na 2008, waliwafundisha makocha nchi nzima "The 11" ileile iliyokuwa imegoma Norway. Waliofanya mazoezi walikuwa na majeraha ya mechi pungufu kwa asilimia 11.5 na ya mazoezini kwa 25.3. Nani alisukuma kampeni pamoja na shirikisho la soka? Suva, shirika la bima ya ajali. Wao ndio wanaolipa bili ya goti. Na New Zealand kwenye raga, ambako watu walikuwa wanavunjika shingo, bima ya ajali ya serikali na chama cha raga walianzisha mafunzo mwaka 2001 na kuyafanya ya lazima: kocha na refa asiyehudhuria kila mwaka hana kazi. Kwa 2001 hadi 2005 walitarajia majeraha mabaya ya uti wa mgongo kama 19, yakatokea 8. Yale ya kwenye msukumano wa skramu walitarajia 9, likatokea 1.

Kule mwenye bili ana nguvu ya kumwita kocha. Mwese mwenye bili ni mjomba wangu. Aliuza mbuzi watatu na kahawa ikiwa bado shambani, kwa bei ya kutupa, ili kaka apelekwe Mpanda kupigwa picha ya goti. Hakuna mahali popote ambapo mbuzi wale wameandikwa kwamba ni gharama ya soka la Tanzania. Kama hazihesabiwi, nani atapata hasira ya kuzipunguza?

Basi nikarudia kufikiria boksi la sabuni. Lilifika kwa sababu mwishoni mwa safari kuna mtu mwenye filimbi anayegonga ugoko. Kupasha misuli hakuna refa.

Kuna jambo ambalo sijawaambia. Kabla sijaondoka, jioni mbili, mimi na kaka tulijaribu. Picha za mazoezi nilikuwa nazo kwenye simu, nilizipakua tangu Mpanda kwa sababu nilikuwa na wazo la makala. Koni hatukuwa nazo, tukapanga magunzi ya mahindi, jozi sita. Mbio za sehemu ya kwanza vijana walizielewa mara moja, maana ni kama mchezo. Kusimama mguu mmoja huku mnarushiana mpira kulileta vicheko mpaka wapita njia wakasimama. Lile la kuanguka kama mti ndilo lililogoma: ardhi ina changarawe, magoti yanauma, tukakunja viroba vya mbolea, na bado kipa akasema hilo ni adhabu ya shuleni, hatalifanya. Jioni ya pili hakuja.

Kilichonishangaza ni kaka. Mimi nilikuwa nasoma maelekezo, yeye akawa anayatazama magoti yao. Kila kijana akiruka na kutua goti limeingia ndani, anapuliza filimbi. "Rudia. Goti lako liangalie kidole cha mguu, lisimwangalie mwenzake." Maelekezo yenyewe yanasema hivyohivyo kwa sentensi ndefu. Nilimuuliza amejulia wapi. Akanitazama kama nimeuliza ujinga.

"Mdogo wangu, mimi lile goti nimeliangalia likitoka. Unafikiri nimeliangalia mara moja?"

Tukakorofishana kidogo kwenye suala la kukanda. Nilimwambia siku za mwanzo maji ya moto na kuchua kwa nguvu haishauriwi. Akaniuliza barafu atatoa wapi Mwese, na ana haki. Nikaja kusoma baadaye kwamba hata daktari wa Marekani aliyeeneza habari ya barafu mwaka 1978, Gabe Mirkin, mwaka 2014 alibadili msimamo, akaandika kwamba barafu inaweza kuchelewesha kupona. Kwa hiyo nilikuwa namkaripia mtu mzima kwa kitu ambacho mwenyewe aliyekianzisha amekitilia shaka. Nimeshamwomba radhi kwa simu. Cha kumtuliza mgonjwa, kumfunga na kumwinua mguu tulikubaliana tangu pale. Na kwamba asirudi uwanjani wiki ya nne kwa sababu ya fainali, hilo alilisema yeye.

Usiku wa mwisho tulikaa nje na mjomba, ambaye ni mmoja wa wazee wa kamati ya ligi ya ng'ombe. Nikamweleza habari ya New Zealand. Alisikiliza kimya, akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo refa wao ndiye anawakatalia?" Nikamwambia ndiyo mjomba, yeye na chama chake. Akasema kwenye kikao cha msimu ujao ataleta hoja: timu isiyofika nusu saa kabla na kuonekana ikifanya mazoezi, refa asiipe mpira, wapinzani wapewe magoli mawili. Kaka akacheka, akasema timu za mbali zitapiga watu. Fuso halifiki kwa saa ya kamati, linafika likijaa. Mjomba akasema basi iwe dakika ishirini, na goli moja. Wakaendelea kubishana dakika na magoli mpaka nikaenda kulala.

Kikao ni mwezi ujao. Kaka ameniomba karatasi, si ya simu, karatasi ya kubandika kwenye mlango wa darasa ambako timu zinavalia. Nimechora michoro kumi na tano mwenyewe, vijana wangu wana miguu kama ya kuku lakini zoezi linaonekana. Maelezo nimeandika kwa Kiswahili cha uwanjani. Kama kuna mdau anayepanda treni ya Mpanda wiki hii anaweza kunibebea bahasha, anitafute, nitamtoa soda. Lile la kuanguka kama mti nimeliweka la mwisho, na pembeni nimeandika: viroba vya mbolea, viwili, vikunjwe.